Mzee Aliyezikwa Bila Tarumbeta

Kama simu yako imejaa, futa picha za pilau la juzi ili hii ipate pa kukaa. Ni ndefu kidogo, lakini isome mpaka chini, kisha mpelekee yule mtu atakayekujia akilini ukiwa unaisoma. Najua atakujia tu.

Kwetu ni Itulwe, kwenye vilima vya migomba na chai kule Rungwe, ambako watu hawaombi mvua inyeshe bali huomba ipungue. Hatuna lami. Timu yetu ya mpira haijawahi kufika popote. Mtandao wa simu unashika vizuri ukisimama nyuma ya zahanati, tena ukiinua mkono. Lakini tarumbeta tunazo, na watu wa kuzipuliza tunao. Nasema hivi bila kuona haya, na anayeona najisifu aje asikilize kwanza.

Sisi Wamoravian tuna desturi yetu ya Pasaka. Kabla jua halijachomoza, wapiga tarumbeta hupita migombani kuamsha watu nyumba kwa nyumba. Kanisa zima huandamana hadi makaburini kutangaza kwamba Bwana amefufuka. Tukifika penye kaburi la mtu aliyefariki mwaka ule, tunasimama na kumpigia wimbo.

Siku ya kumzika pia hupigiwa. Itulwe hakuna aliyeshuka udongoni bila tarumbeta. Tulimpigia mwalimu mkuu, tukampigia mlevi wa sokoni, tukampigia hata yule bwana aliyeiba ng'ombe wa kanisa. Alikuwa mwizi, ndiyo, lakini alikuwa mwizi wetu.

Aliyesimamia kazi hiyo kwa miaka mingi alikuwa Mzee Mwaisemba. Tarumbeta yake ilikuwa imebonyea upande mmoja. Iliharibika siku alipoteleza kwenye tope la mazishi akaiangukia, akainuka na matope usoni na kuumalizia ubeti pale pale. Alivaa koti la mtumba lililomeza mikono yake mpaka vidole. Ukimwona njiani ungemhurumia, na ukimsikia akipuliza ungejihurumia wewe.

Alikuwa na namna yake ya kumaliza wimbo. Wapigaji wengine wakifika mwisho huikata sauti kama mtu anayefunga mlango. Yeye aliishusha taratibu, taratibu, kama mama anayemlaza kitandani mtoto aliyesinzia mgongoni.

"Hapo mmemlaza mtu," alikuwa akitufundisha. "Msimwamshe kwa fujo."

Watoto aliwaanzisha na bua la jani la boga. Mtoto alipuliza bua hilo mpaka litoe sauti ya maana, na kabla ya hapo hakuruhusiwa kugusa shaba. Mimi ninayekusimulia nilipitia boga hilo hilo, nikaishia kwenye besi, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, mstari wa nyuma, kwa sababu ya mashavu yangu. Lakini kati ya wote waliopita mikononi mwake, hakutokea kama Ambwene.

Ambwene alikuwa mtoto wa jirani. Mzee Mwaisemba na mkewe, Bibi Subilaga, hawakujaliwa mtoto, basi kijana huyo akawa wao. Alikula kwao, akalala kwao msimu wa mvua, akajifunza kwao. Alipofikisha umri wa kunyoa ndevu alikuwa ametupita sote, na ile namna ya kushusha sauti ya mwisho aliipata yeye peke yake. Sisi wengine tuliijaribu tukaonekana tumeishiwa pumzi.

Akaenda Mbeya mjini. Huko akaingia kwenye kikundi cha matarumbeta ya harusi, wale wanaopanda nyuma ya pikapu na kuongoza msafara wa maharusi. Alivaa suti nyekundu yenye vifungo vya dhahabu. Tulijivunia sana. Kila harusi aliyopiga, sisi huku tuliihesabu kuwa ni yetu.

Sasa sikiliza alivyoanguka.

Kulikuwa na harusi ya watu wakubwa. Ambwene alipiga ukumbi mzima ukasimama. Mshereheshaji akamfuata na kipaza sauti.

"Kijana, mapafu hayo umeyapata wapi? Nani alikufundisha?"

Kabla hajajibu, mgeni mmoja wa upande wa huku kwetu akapiga kelele kutoka meza ya nyuma. "Huyo ni wa Mzee Mwaisemba wa Itulwe! Yule wa tarumbeta iliyobonyea, mwenye koti linalomeza mikono!"

Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka harusini. Lakini Ambwene aliangalia vifungo vyake vya dhahabu, akaona koti lile la mtumba mbele ya macho ya watu wale, na moyo ukamwisha.

"Mzee gani?" akasema kwenye kipaza sauti. "Simjui. Mimi nilijifundisha mwenyewe."

Jogoo hakuwika. Kwenye ukumbi ule kuku wote walikuwa wamekwisha kukaangwa.

Lakini jogoo wa siku hizi ni simu. Mtu alikuwa anarekodi, na kabla wiki haijaisha picha ile ya video ilikuwa imefika nyuma ya zahanati yetu. Tuliitazama tukiwa tumeinua mikono. Mzee Mwaisemba wakati huo alikuwa kitandani, mgonjwa. Tukakubaliana kwamba asionyeshwe. Aende zake kwa amani, tulisema, bila kujua.

Muda si mrefu akafariki. Bibi Subilaga akamtumia Ambwene ujumbe: "Baba yako amelala. Tunazika Jumamosi. Njoo na tarumbeta."

Ambwene alivaa. Hilo alikuja kulisema baadaye, kwamba alivaa, akafunga tarumbeta, akafika hadi stendi. Pale stendi akafikiria nyuso zetu. Angepitaje katikati ya watu waliomsikia akisema hamjui marehemu? Akarudi chumbani kwake, akatuma neno kwamba gari limeharibika njiani.

Sisi tulingoja kaburini mpaka mvua ikaanza. Hatimaye Anyosisye, aliyekuwa wa pili baada ya Mzee, akatoka mbele. Anyosisye ni mtu aliyenyooka kama rula, na unajua rula haipindi hata ikikugusa pabaya. Akainua tarumbeta yake mdomoni.

Bibi Subilaga akainua mkono.

"Leo hapana," alisema.

"Mama, ni desturi yetu."

"Nimesema hapana. Zishusheni."

Tukazishusha. Udongo ukaanza kurudishwa, na kwa mara ya kwanza Itulwe tukasikia jinsi donge la udongo linavyolia juu ya jeneza. Mtu aliyempigia mwizi wa ng'ombe alizikwa kimya kama mtu asiye na watu wake. Njiani kurudi nyumbani kila mmoja alisema neno lile lile, kwamba mjane ana hasira, na kwamba haya yote ni ya Ambwene.

Na mjini, Ambwene alipata adhabu ambayo hakuna aliyempa. Tangu Jumamosi ile, sauti ya mwisho ilimkataa. Wimbo aliuanza vizuri, akaupandisha vizuri, lakini akifika mwisho pumzi ilikatika ikatoka kikohozi. Kikundi kikamvumilia kidogo, kisha kikamwambia arudishe suti.

Akarudi Itulwe mwanzoni mwa mwaka, na begi moja. Alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Mwandemange, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa.

"Nilimkana aliyenifundisha," alisema. "Halafu nikadanganya kwamba gari limeharibika. Gari halikuharibika. Niliyeharibika ni mimi."

Kwa utaratibu wetu akawekwa chini ya marudi. Maana yake ni kwamba alikaa benchi la nyuma, na siku za Meza ya Bwana alibaki ameketi wakati wenzake wakienda mbele. Hakulalamika. Alichukua jembe akajiunga na wachimba makaburi. Kila msiba alichimba yeye, na sisi tulipofika na tarumbeta zetu alisogea pembeni akasimama kwenye migomba, akiangalia miguu yake. Kaburi la Mzee Mwaisemba alilipalilia mpaka likawa safi kuliko uwanja wa kanisa.

Bibi Subilaga alikuwa akimkuta pale mara kwa mara. Alimsalimia, akaitikiwa, akapita. Hakumtukana wala hakumkaribisha kwake. Sisi tulitazama tukasema, mama huyu anaitunza hasira yake kama mbegu.

Pasaka ilipokaribia, Baraza la Wazee likakaa kuzungumzia wanaoomba kurudi kundini. Ambwene akaitwa. Nami nilikuwepo kama mzee wa kanisa, ingawa sauti yangu huko ni kama besi, haisikiki mpaka ikosekane.

"Unaomba nini?" Mchungaji alimuuliza.

"Naomba kurudi Mezani. Tarumbeta siombi."

Anyosisye akasimama. "Mezani na arudi. Msamaha ni wa Mungu, mimi ni nani nimzuie? Lakini tarumbeta ni za kanisa, na nikiwa hai sitamwekea mkononi. Mzee alizikwa bubu kwa ajili yake."

"Ni haki," Ambwene alisema, na kwa jinsi alivyolisema ungejua amekuwa akijiambia hivyo kila siku.

Mchungaji akamgeukia Bibi Subilaga, ambaye naye alikuwa ameitwa. "Mama, katika jambo hili wewe ndiye uliyeumizwa zaidi. Hatuwezi kuamua bila wewe. Unasemaje?"

Bibi Subilaga aliukaza upya mkanda wa kitenge chake, polepole, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Nitasema siku ya Pasaka," alijibu. "Nitasema kaburini kwa mume wangu, mbele ya watu wote. Na yeye awepo."

Hakuongeza neno. Basi habari ikaenea vijiji vyote, na kila mtu aliiongezea chumvi kwa kipimo chake. Wengine walisema atamlaani. Wengine walisema ataomba afukuzwe Itulwe kabisa. Kwetu neno la mjane kaburini kwa mumewe halifutiki. Ukilaaniwa pale, hata Mchungaji akikurudisha Mezani, ni nani atakayekuoza binti yake au kukushika mkono ukiwa na msiba?

Jumamosi mchana nilimkuta Ambwene njia ya kuelekea barabarani, begi mgongoni.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Sijui, kaka. Popote." Macho yalikuwa mekundu. "Kwa Mungu nimetubu, na naamini amenisikia. Lakini yule mama akinilaani mbele ya kanisa zima, nitaishije?"

Nikamwambia, "Ambwene, mazishi uliyakimbia. Ukikimbia na ufufuo, utabaki na nini?"

Maneno hayo sijui niliyatoa wapi. Sisi watu wa besi si wasemaji. Hata mke wangu nilipomsimulia aliniuliza kama nina homa. Nikamwacha pale pale amesimama na begi lake.

Alfajiri ya Pasaka tukaamsha kijiji. Mvua ilikuwa ya rasharasha, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kanisa zima lilikuja, pamoja na watu ambao Pasaka zote huwa wanasema wana mafua. Walikuja kwa ajili ya neno la Bibi Subilaga. Nilitazama nyuma ya umati, na Ambwene alikuwepo. Alisimama kando na wachimba makaburi, mikono mitupu. Aliniambia baadaye kwamba alijiambia hivi: kama mama yule anataka kunilaani, ni haki yake, na safari hii nitakuwepo nisikie.

Tukapita kaburi kwa kaburi. Tulipofika kwa Mzee Mwaisemba, Anyosisye akatoka mbele na kuinua tarumbeta yake.

Bibi Subilaga akainua mkono, kama siku ile.

"Leo pia si wewe, Anyosisye. Ambwene yuko wapi?"

Watu wakatengana. Akapita katikati yetu, akafika kaburini, akapiga magoti kwenye tope.

"Unajua kwa nini mume wangu alizikwa bila tarumbeta?" Bibi aliuliza.

"Kwa sababu yangu, mama. Sikuja."

"Hukuja wewe. Na wengine je? Anyosisye hakuwepo? Huyu mwenye mashavu hakuwepo?"

"Nilikuwepo, mama," nikasema.

"Walikuwepo wote, na tarumbeta zao zikiwa tayari. Mimi ndiye niliyewazuia, na sikuwazuia kwa hasira." Akatugeukia sote. "Ile picha ya harusini mlidhani mmemficha. Mgonjwa atafichwaje kitu katika kijiji chenye simu? Aliiona."

Ambwene akatoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kumfariji mwaka ule wote, nacho ni kwamba Mzee alikufa bila kusikia.

"Alikusikia ukisema humjui," Bibi aliendelea. "Alifumba macho, mpaka nikadhani tumempoteza. Kisha akasema, 'Irudie.' Nikamwambia, baba, ya nini kujiumiza? Akasema, 'Si maneno. Nirudishie pale anapopiga.' Nikamrudishia. Ukafika mwisho wa wimbo, Ambwene, na katikati ya ile harusi, watu wanarukaruka na vigelegele juu, wewe ukaishusha ile sauti taratibu kama kaburini. Mume wangu akacheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu. Akapiga godoro kwa kiganja, akaniambia, 'Umesikia, mama? Mdomo umenikana, lakini pumzi haikunikana. Huyo ni wangu!'"

Hapo hata Anyosisye aliinamisha kichwa.

"Akaniagiza," alisema Bibi Subilaga. "Akasema, 'Nikifa, wimbo wangu ni wa Ambwene. Asipofika, asipewe mtu mwingine. Nitamngoja.' Nikamuuliza, na asipokuja kabisa? Akasema, 'Mimi nitakuwa nimelala. Nina haraka gani?'"

Watu walicheka huku wakilia. Ndivyo alivyokuwa akiongea Mzee yule, ilikuwa kama amesimama pale na koti lake.

"Sasa wewe umekaa hapa na jembe ukidhani ukimya wa kaburi hili ni laana yako. Si laana, mwanangu. Hii ni nafasi yako. Tulikutunzia."

"Mama," Ambwene alisema kwa shida, "mbona hukuniambia?"

Bibi Subilaga akamwinamia. "Kwa sababu yeye alikusamehe siku ile ile, kitandani. Mimi si Mzee Mwaisemba. Mimi nimechukua muda. Nimekuwa nikija hapa kukutazama ukipalilia, na kila nikija Mungu ananipunguzia kidogo. Juzi, kwenye Baraza, uliposema huombi tarumbeta, ndipo nilipoona sina tena cha kukudai."

Akafungua kitenge alichojifunika begani. Ndani yake ilikuwemo ile tarumbeta iliyobonyea. Alikuwa ameisugua kwa majivu na limau mpaka inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Akamnyooshea.

Ambwene hakuipokea. "Sistahili, mama."

"Sikukuuliza kama unastahili. Nakuuliza kama una pumzi."

Akamtazama Anyosisye, maana lile neno la kwamba hatawekewa tarumbeta mkononi sote tulilisikia. Anyosisye, mtu wa rula, alisimama muda mrefu mvua ikimchuruzika puani. Nikajiuliza atatokaje pale bila kuvunjika.

"Nilisema tarumbeta za kanisa," alisema hatimaye. "Hiyo si ya kanisa. Hiyo ni ya Mzee."

"Piga, mwanangu," Mchungaji Mwandemange akamwambia. "Ukimaliza, Meza inakungoja."

Ambwene akaishika. Akaipeleka mdomoni, akapuliza, na ikatoka sauti mbaya, sauti ya ndama aliyekanyagwa. Kuna waliocheka huko nyuma. Akaishusha, uso umemwiva kwa aibu.

"Unaona hapo ilipobonyea?" Bibi Subilaga alimuuliza. "Alianguka nayo, tena mbele ya watu. Akainuka akamalizia ubeti. Endelea."

Akaendelea. Ubeti wa kwanza alikwenda kwa kujikokota. Ubeti wa pili sauti ikafunguka, na mara nikasikia sauti ya pili imeingia chini yake kumshika asianguke. Nilipogeuka, alikuwa ni Anyosisye, amefumba macho, anapuliza. Basi nami nikaiweka besi yangu chini ya wote wawili, na wenzangu wakaingia. Makaburi yale hayajawahi kusikia tarumbeta namna ile tangu yalipokuwa shamba la viazi.

Tukakaribia mwisho. Sote tulijua kwamba pale ndipo pumzi ilipokuwa inamkatika, na sisi wengine tukaondoa midomo yetu mmoja mmoja tukamwachia. Bibi Subilaga alikuwa ameweka kiganja chake juu ya udongo wa kaburi.

Ambwene akaishusha. Taratibu, taratibu, ikashuka bila kukatika, mpaka ukabaki unasikia mvua kwenye majani ya migomba na hujui tarumbeta iliishia wapi. Mzee wetu akawa amelazwa.

Jua halikuonekana asubuhi ile. Kwetu Pasaka nyingi hazina jua. Lakini Mchungaji aliposema Bwana amefufuka, tuliitikia mpaka watu wa kilima cha pili walitoka nje kuuliza kuna nini. Na kanisani siku hiyo, benchi la nyuma lilibaki tupu. Ambwene alikwenda Mezani ameshikwa mkono na Bibi Subilaga, na magoti yake yana tope.

"Ndaga fijo," alimwambia walipokuwa wakirudi kukaa. Kwetu hiyo ni asante kubwa. Bibi akamwambia akae vizuri, anamkanyagia kitenge.

Leo hii Ambwene ndiye anayewafundisha watoto wa Itulwe, na anawaanzisha na bua la boga kama tulivyoanzishwa sisi. Fundi mmoja wa mjini aliwahi kumwambia kwamba pale palipobonyea panaweza kunyooshwa. Akakataa. Bado anaitwa kwenye harusi, tena harusi kubwa kubwa, na anakwenda amevaa koti la mtumba linalomeza mikono, katikati ya suti nyekundu. Kabla hajapuliza huomba kipaza sauti.

"Mimi ni wa Mzee Mwaisemba wa Itulwe," husema, na kichwa chake kiko juu.

Wakicheka, anangoja wamalize. Kisha anapiga, na akifika mwisho wa wimbo anaishusha sauti ile taratibu mpaka ukumbi mzima unanyamaza, wapishi wanatoka jikoni na miiko yao, na sisi tulio huku milimani, tukiletewa video hizo nyuma ya zahanati, tunainua mikono juu na kuambiana: huyo ni wetu.

Funzo: Ukianguka, usimkimbie aliyekupenda, kwa maana Bwana alikusikia siku ile ulipomkana, na bado akasema, "Huyo ni wangu", nafasi yako hakumpa mtu mwingine, anangoja urudi uijaze.